Northern Spy: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kutunza na Kuhifadhi Tufaha la Kale la Majira ya Baridi

Kuna matufaha ya kuliwa chini ya mti na kuna matufaha ya kuwekwa. Northern Spy ni la kuwekwa. Huchumwa mwishoni mwa Oktoba, wakati aina nyingi zimeshavunwa na kuuzwa, na ladha yake hukamilika wiki kadhaa baadaye, likiwa limetulia mahali pa baridi. Kabla ya majokofu kuenea, tufaha hili lilizivusha familia nyingi za Jimbo la New York hadi Machi au Aprili zikiwa bado na tunda freshi mezani.

Mwongozo huu ni wa mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi penye baridi ya kweli, iwe Rochester, Syracuse, Buffalo, Michigan au Ontario ya Kanada, na ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Wasomaji wa Njombe, Makete, Lushoto na nyanda za juu za Kenya, nanyi mna sehemu yenu. Iko kwenye habari ya mashina.

Niseme mapema: mti huu unachelewa kuzaa. Ukiachwa ukue kwa ukubwa wake wa asili, unaweza kukaa miaka 10 hadi 15 bila tunda la maana. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa una lengo la kuufupisha muda huo. Wengi walioukatia tamaa waliukosea kwenye mambo mawili, shina lililobebeshewa (sehemu ya chini ya mche, yenye mizizi) na mkasi wa kupogolea, na yote mawili yako mikononi mwa mpandaji.

Lilikotoka

Mnamo mwaka 1800 hivi, Heman Chapin alipanda mbegu za tufaha huko East Bloomfield, kusini-mashariki ya Rochester. Mbegu hizo zilitoka Salisbury, Connecticut. Mti mmoja kati ya iliyoota ulikufa kabla haujazaa, lakini machipukizi ya mizizini mwake yalikuwa yameshachukuliwa na Roswell Humphrey, akayapanda kwake, na ndiyo yaliyozaa matunda ya kwanza ya Northern Spy. Kwenye mbegu hizo hizo za Chapin zikatoka pia aina mbili nyingine zilizopata jina, Early Joe na Melon.

Kwa miaka mingi tufaha hili lilibaki la majirani. Lilianza kuvuma miaka ya 1840, na mwaka 1852 chama cha wataalamu wa matunda cha Marekani, American Pomological Society, kikalipendekeza lipandwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa la tatu kwa umuhimu jimboni New York, nyuma ya Baldwin na Rhode Island Greening. Baadaye likapungua mashambani. Mkulima wa biashara hakuwa tayari kungoja, na ngozi yake nyembamba haivumilii kutupwatupwa kwenye makreti. Kwa mtu wa bustani ya nyumbani, hakuna hata kimoja cha kumzuia.

Jinsi ya kulitambua

Ukiliona sokoni, angalia umbo kwanza. Ni kubwa, pana kwenye mabega na limechongoka kidogo kuelekea chini, mara nyingi likiwa na migongo hafifu unayoihisi ukilizungusha kiganjani. Rangi ya chini ni kijani-manjano iliyopauka. Juu yake pana wekundu wa waridi wenye michirizi mirefu ya rangi iliyokolea, na upande uliokaa kivulini hubaki karibu na manjano tupu. Tunda lililotoka mtini lina ukungu mwembamba wa samawati unaofutika kwa kidole. Shimo la kikonyo ni pana na la kina.

Uma. Nyama yake ni ya manjano kidogo, inakatika kwa mlio, lakini ni laini mdomoni kuliko matufaha magumu ya dukani, na ina maji mengi. Ukali upo, utamu upo, na harufu hupanda hadi puani. Linasifika pia kwa kuwa na vitamini C nyingi kuliko aina nyingi za tufaha. Anayependa utamu mtupu wa Fuji au Gala huenda akaliona kali mno mwezi Novemba. Mrudishie Januari.

Je, mahali pako panafaa?

Northern Spy linahitaji usingizi mrefu wa baridi, hadi saa 1000 hivi za hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ndipo machipukizi yafunguke vizuri. Kaskazini-mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada hilo si tatizo. Mti wenyewe ni mgumu: unastahimili baridi kuliko Baldwin, aina ambayo miti yake mingi iliuawa na baridi kali ya 1933 hadi 1934. Faida nyingine ni kwamba huchanua kwa kuchelewa, hivyo jalidi la mwanzo wa Mei, linalounguza maua ya aina nyingine, mara nyingi hulikuta bado limefunga.

Chagua mahali penye jua angalau saa 6 hadi 8 kwa siku na maji yasiyotuama. Kama kiwanja kina mteremko, panda katikati au juu, kwa sababu hewa baridi hushuka na kukusanyika bondeni. Pima udongo kabla ya kununua mche. Uchachu (pH) wa 6 hadi 6.8 unafaa, na chokaa huongezwa mwaka mmoja kabla ikiwa udongo ni mkali.

Shina la kubebeshea: uamuzi mkubwa kuliko yote

Mbegu ya Northern Spy haitoi Northern Spy. Unanunua mche uliobebeshwa: juu kijiti cha aina unayoitaka, chini shina lenye mizizi ya aina nyingine. Shina hilo ndilo linaloamua mti utafika kimo gani na utaanza kuzaa lini. Kwa aina nyingine ukikosea hapa utapata usumbufu tu. Kwa hii, ukikosea unaweza kungoja mpaka watoto wako wamalize shule.

Ushauri wangu ni kuchukua shina la kufupisha. Shina liitwalo M.9 hutoa mti ulio kama theluthi moja ya ukubwa wa asili, na kwa kuwa Northern Spy ina nguvu nyingi, unyonge wa M.9 haudhuru kitu. Mashina ya Geneva, yaliyozalishwa huko New York, ni bora zaidi penye ugonjwa wa kuungua kwa matawi. G.41 lina kimo kinachokaribiana na M.9, na linastahimili ugonjwa huo pamoja na vidukari wa sufi nitakaowaeleza hivi punde. Kwa mashina haya tarajia matunda ya kwanza kati ya mwaka wa nne na wa sita. Gharama yake ni nguzo: mizizi yao ni dhaifu, na mti utahitaji kuegemezwa maisha yake yote. Kama udongo wako ni mbaya au hutaki nguzo, chukua MM.111, lakini ujue umeongeza miaka ya kungoja. MM.106 ni la kati. Lisipandwe penye maji mengi, kwani shingo yake huoza.

Sasa habari ya wasomaji wa Afrika Mashariki. Mti wa Northern Spy hautawafaa, maana hata Makete haipati baridi ya kutosha kuuamsha. Aina zinazotaka baridi kidogo, kama Anna na Dorset Golden, ndizo za kwenu. Lakini upo uwezekano kwamba Northern Spy tayari iko shambani mwako, chini ya ardhi. Kuna vidukari wanaojifunika sufi nyeupe, wanaonyonya matawi na mizizi ya mtufaha mpaka ifanye vinundu. Mizizi ya Northern Spy huwakataa. Karne ya 19 wakulima wa Australia na New Zealand walikuwa wakibebesha matufaha yao juu yake kwa sababu hiyo. Kisha wataalamu wa Uingereza, katika taasisi ya John Innes pale Merton na kituo cha East Malling, wakaichanganya na mashina mengine. MM.106 ni mtoto wa Northern Spy na M.1. MM.111 nalo lina damu yake pande zote mbili, na M.793, linalotumika sana Afrika Kusini, ni wa ukoo huo huo. Kwa hiyo ukinunua mche uliobebeshwa, muulize muuzaji shina ni lipi. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Na tafadhali, ndugu zetu wa ughaibuni, msifiche kijiti cha tufaha kwenye begi la kwenda nyumbani. Ugonjwa wa kuungua kwa matawi husafiri ndani ya kijiti kisicho na dalili yoyote.

Kupanda

Agiza mche wakati wa baridi, kwa sababu aina za kale huisha mapema. Utaletewa mizizi mitupu, bila udongo, mwezi Aprili hivi. Ukifika, loweka mizizi kwenye ndoo ya maji kwa saa moja au mbili, si usiku kucha, kisha panda siku hiyo hiyo ukiweza.

Chimba shimo pana kuliko mizizi inavyotanda, lakini si la kina kuipita. Usiweke samadi wala mbolea shimoni. Rudisha udongo ule ule, ukiubana kwa kiganja ili usiache mifuko ya hewa. Hapa kuna jambo la kutazama kwa macho yako mwenyewe: kile kiungo cha kubebeshea, uvimbe uliopinda kidogo karibu na chini ya mche, lazima kibaki sentimita 10 juu ya ardhi baada ya udongo kutulia. Kikifukiwa, sehemu ya juu itaota mizizi yake yenyewe, shina la kufupisha litapoteza kazi, na utakuwa umerudi kwenye ile miaka 15.

Mwagilia lita 20, kisha lita 20 kila wiki isiyo na mvua kwa msimu wote wa kwanza. Tandaza chipsi za mbao kuzunguka mti, ila ziache nafasi ya sentimita 10 kutoka kwenye shina. Zungushia shina wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, uliozama ardhini sentimita 5 na unaofika sentimita 60 juu, kwa kuwa panya hutafuna gome wakiwa chini ya theluji na hutawaona. Kulungu nao wanahitaji uzio wao. Nafasi kati ya miti: mita 3 kwa M.9 au G.41, mita 6 kwa MM.111.

Miaka ya mwanzo: pinda, usikate

Northern Spy hukua ikielekea juu, kwa matawi mengi yaliyobanana. Mtu akiuona hivyo hukimbilia mkasi, na kila akikata ncha ya tawi mti hujibu kwa vijiti vitatu vinne vipya vya mbao tupu. Ndivyo kuzaa kunavyosogezwa mbele mwaka hadi mwaka.

Badala yake, pinda. Juni, tawi likiwa bado nyororo, livute taratibu hadi lilale nyuzi 60 hivi kutoka kwenye shina kuu, ulifunge kwa kamba laini kwenye kigingi au ulitundikie mfuko mdogo wa mchanga. Kamba iwe na kitanzi kipana kisichokaba gome. Likishashika mkao, kwa kawaida kufikia Septemba, fungua. Tawi lililolala hupunguza mbio za kurefuka na kuanza kutengeneza vijitawi vifupi vinavyobeba maua.

Acha shina moja kuu katikati na matawi machache yaliyopishana kulizunguka. Ukipogolea mwishoni mwa baridi, Februari au Machi, ondoa tawi zima hadi lilipoanzia badala ya kulifupisha. Anza na yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoshindana na shina kuu. Mti uliokwisha kuwa mkubwa na mzito upogolewe tena Agosti, kwani upogoleaji wa kiangazi hauupi mti ari ya kuota upya. Mwanga ukiingia ndani, matunda hupata rangi. Yaliyojificha hubaki kijani na ladha hafifu.

Mbolea ya naitrojeni? Pima urefu wa vijiti vya mwaka. Vikiwa vimezidi sentimita 60, usiweke hata chembe.

Mchavushaji

Mti huu haujichavushi vya kutosha, na kwa kuwa huchanua mwishoni, jirani yake lazima naye awe wa kuchelewa. Golden Delicious na Rome Beauty hufaa. Baldwin, Rhode Island Greening, Mutsu na Jonagold hazifai kwa kazi hii, chavua yake ni mbovu. Umbali usizidi mita 15 hivi, na usipulize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Kunyofoa matunda, na yale madoa

Mti ukianza kuzaa una tabia ya kubeba mno mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Dawa ni kunyofoa. Mapema Juni, matunda yakiwa na ukubwa wa gololi, acha tunda moja tu kwenye kila kishada, na kati ya tunda na tunda sentimita 15 hadi 20. Fanya mapema, kwa sababu maua ya mwaka ujao huanza kuumbika ndani ya machipukizi majuma hayo hayo, na mti uliolemewa na mbegu hauyatengenezi. Inauma kutupa nusu ya mavuno ardhini. Tupa.

Tatizo linaloisumbua aina hii kuliko mengine ni madoa ya uchungu: vidoa vya kahawia vilivyozama kidogo, hasa upande wa chini wa tunda, na ukimenya unakuta nyama kavu iliyobonyea. Si kuvu wala mdudu. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na hutokea zaidi kwenye mti mchanga wenye matunda machache makubwa, uliolishwa naitrojeni nyingi, au uliopata kiu na mafuriko kwa kupokezana. Mara nyingine hujitokeza baada ya tunda kuwekwa ghalani. Mwagilia kwa mpangilio, punguza mbolea na mkasi, na kuanzia Juni puliza kalsiamu ya majani mara kadhaa kwa kipimo cha kwenye lebo. Puliza asubuhi yenye ubaridi, maana kwenye joto kali huunguza majani.

Ugonjwa wa madoa meusi ya ukurutu pia huupata mti huu. Kuvu yake hulala kwenye majani yaliyoanguka, hivyo kuyakusanya yote Novemba ni nusu ya kazi. Nondo wa tufaha huzuilika kwa kuvisha kila tunda mfuko wa karatasi mara tu baada ya kunyofoa. Kwa mti mmoja au miwili mfupi, mifuko ni jambo linalowezekana kabisa.

Kuchuma

Usidanganyike na wekundu, kwani huja mapema. Tazama ile rangi ya chini, penye upande wa kivuli: ikihama kutoka kijani kibichi kwenda manjano, wakati umekaribia. Mbegu ziwe za kahawia. Tunda lililo tayari huachia ukiliinua juu na kulizungusha kidogo. Likigoma, liache.

Anayetaka uhakika atumie iodini ya dukani. Kata tunda katikati kwa upana, upakaze uso wa kipande, ungoje dakika moja. Penye wanga patageuka buluu-nyeusi, penye sukari patabaki peupe. Kwa tunda la kuweka miezi, unataka kitovu kimekuwa cheupe na weupe umeanza kutanuka nje, huku ukingo bado mweusi. Lote likiwa jeusi, ni mapema. Lote likiwa jeupe, kula, usiweke. Kipande kilichopakwa iodini kitupe.

Shika kila tunda kwa kiganja, si kwa ncha za vidole, na liache na kikonyo chake. Lilaze kikapuni, usilidondoshe. Ngozi ya Northern Spy hupata mchubuko kwa uzembe mdogo, na mchubuko wa Oktoba ni uozo wa Desemba.

Kuhifadhi

Joto liwe nyuzi 0 hadi 1 za Selsiasi (32 hadi 34 za Farenhaiti), na unyevu asilimia 90 hivi. Friji ya pili kwenye gereji inafaa, na chumba cha chini ya nyumba kisicho na hita pia, mradi kisifike nyuzi 2 chini ya sifuri, hapo tunda huganda. Friji hukausha hewa, kwa hiyo weka matufaha kwenye mifuko ya plastiki iliyotobolewa matundu machache.

Chagua kabla ya kuweka. Yenye mchubuko, tobo au yasiyo na kikonyo yaende jikoni wiki hiyo. Makubwa mno yaliwe kwanza, maana hayadumu kama ya wastani. Usiyaweke pamoja na karoti: matufaha hutoa gesi ya ethilini, inayofanya karoti kuwa chungu. Kagua kila wiki mbili na uondoe lililoanza kuoza. Yakitunzwa hivi, yatakuwa matamu kuanzia Desemba, na mengi yatafika Machi.

Jikoni

Sifa kubwa ya Northern Spy jikoni ni kwamba vipande vyake hulainika bila kusambaratika, na ukali wake haufi motoni. Ndiyo maana waoka pai wa New York na Michigan bado hulitafuta. Kwa sahani ya sentimita 23, menya na ukate kilo 1.2, changanya na gramu 120 za sukari, vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha mdalasini na chumvi kidogo. Mimi huongeza hiliki iliyotwangwa hapo hapo, na sijaona kiungo kinachokubaliana na tufaha hili kuliko hicho. Limau halihitajiki. Oka nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 20, kisha 190 kwa dakika 40 hivi, mpaka maji yachemke kupitia matundu ya juu. Iache ipoe saa mbili kabla ya kukata, la sivyo mchuzi utamwagika wote.

Yaliyoanza kunywea mwezi Machi bado yana kazi. Kata pete za milimita 5, zikaushe kwenye nyuzi 57 kwa saa 6 hadi 10 hadi zipindike bila kuvunjika wala kutoa maji, kisha uzifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa.